Simu ya kuvaliwa: ni mpya kweli? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu hataza

Mtu anabuni saa, pete au kidani chenye simu ndani yake, anaomba hataza, kisha anatokea mwingine na kusema: hiki tulishakiona. Maswali yafuatayo ndiyo yanayorudi kila ugomvi wa namna hii unapozuka. Kesi nyingi zilizotajwa ni za Marekani na Ulaya kwa sababu huko ndiko zilikosikilizwa. Mambo ya kwetu yamewekwa sehemu ya mwisho.

## Mambo ya msingi

Hataza ni nini, na je, si sawa na hakimiliki?

Si sawa. Hataza ni haki ambayo serikali humpa mvumbuzi ya kuwazuia wengine kutengeneza, kutumia au kuuza uvumbuzi wake kwa muda maalumu, kwa sharti kwamba aueleze hadharani kiasi cha fundi mwingine kuweza kuutengeneza. Hakimiliki hulinda maandishi, nyimbo, picha na programu, na huja yenyewe kazi inapoundwa. Hataza haiji yenyewe. Usipoiomba, huna.

Kwa nini kifaa kimoja huwa na hataza mbili au zaidi?

Kwa sababu kazi yake na sura yake ni vitu viwili mbele ya sheria. Hataza ya ufundi hulinda jinsi kifaa kinavyofanya kazi, kwa mfano namna antena ilivyopitishwa kwenye mkanda wa saa, na kwa kawaida hudumu miaka 20 tangu ombi lilipowasilishwa. Sura hulindwa na hataza ya umbo. Marekani hudumu miaka 15 tangu itolewe, kwa maombi ya kuanzia Mei 13, 2015. Umoja wa Ulaya umbo husajiliwa na kuhuishwa kila miaka 5 hadi kufikia 25.

Tofauti inayoamua kesi iko kwenye madai, yaani sehemu ya hataza inayotaja hasa kinacholindwa. Hataza ya ufundi hudai kwa maneno, na kila neno hupimwa. Hataza ya umbo hudai kwa mchoro. Kilichochorwa kwa mstari mzima ndicho kinachodaiwa. Kilichochorwa kwa mistari ya nukta kipo tu ili kuonyesha mahali, na hakidaiwi. Watu wengi hubishana kuhusu hataza ya umbo bila kuutazama mchoro hata mara moja, na ubishi huo haufiki popote.

"Mpya" maana yake nini kisheria?

Maana yake ni kwamba kabla ya tarehe ya ombi, kitu hicho kilikuwa hakijaufikia umma popote duniani. Haitoshi kwamba wewe hukuwahi kukiona, wala kwamba hakijawahi kuuzwa nchini mwako. Ila kuna upande wa pili ambao mshtakiwa husahau: ili kuua upya, chanzo kimoja peke yake lazima kiwe na kila kipengele cha dai. Kama vipengele vimetapakaa katika vyanzo vitatu, hoja inahama kutoka upya kwenda udhahiri, yaani swali la kama hatua hiyo ilikuwa ya wazi kwa fundi. Hilo limeelezwa katika sehemu ya "Upya na udhahiri".

Simu ya kuvaliwa mkononi ilianza lini?

Kama wazo, ni ya zamani sana. Mwezi Januari 1946 mpelelezi wa katuni za magazeti ya Marekani, Dick Tracy, alianza kuongea kupitia redio iliyofungwa mkononi kama saa. Kama bidhaa, Samsung ilitoa saa yenye simu, SPH-WP10, mwaka 1999. NTT DoCoMo ya Japani ikafuata na Wristomo mwaka 2003, LG ikaleta GD910 mwaka 2009, na Samsung ikatoa Gear S mwaka 2014. Apple Watch ilianza kuuzwa Aprili 2015, na toleo lake lenye mtandao wa simu ndani likaja 2017.

Orodha hii ndiyo kitu cha kwanza ambacho wakili wa upande wa pili atakichapisha. Anayedai leo "simu inayofungwa mkononi" kwa upana huo amechelewa kwa zaidi ya robo karne.

Basi hakuna jipya lililobaki la kudai?

Lipo tele, ila ni jembamba: bawaba, kioo kinachopinda, namna joto linavyotolewa mbali na ngozi, kihisi kinachogusa kifundo cha mkono. Dai jembamba linalosimama lina thamani kuliko dai pana linaloanguka.

## Kilichotangulia

Ni vitu gani vinahesabiwa kuwa vimetangulia?

Karibu chochote ambacho umma ungeweza kukifikia: hataza za zamani, hata zilizokwisha muda, katalogi, video, vitabu vya maelekezo, na bidhaa yenyewe. Lugha si kinga. Idadi ya wasomaji nayo si kinga. Mwaka 1986 mahakama ya rufani ya Marekani inayosikiliza kesi za hataza ilikubali tasnifu moja ya udaktari iliyokuwa maktaba ya Chuo Kikuu cha Freiburg, Ujerumani, kuwa chapisho lililotangulia. Ilitosha kwamba ilikuwa imeorodheshwa na mtafiti aliyeitaka angeweza kuipata.

Katuni au filamu inaweza kuvunja hataza?

Inategemea ni hataza gani. Kwa hataza ya ufundi, chanzo lazima kimwezeshe fundi kukitengeneza kitu. Mchoro wa mpelelezi akiongea na mkono wake haumwambii fundi antena inakaa wapi wala betri inapatikanaje, kwa hiyo Dick Tracy peke yake havunji hataza ya saketi ya simu ya mkononi. Kwa hataza ya umbo mambo yanageuka: kinachodaiwa ni sura, na katuni huonyesha sura.

Jambo hili liliwahi kujaribiwa. Apple ilipoishtaki Samsung mwaka 2011 kuhusu umbo la tableti, Samsung iliwasilisha picha kutoka filamu ya Stanley Kubrick ya 1968, ambamo wanaanga wanakula huku wakitazama vibao bapa vya kioo. Watu walicheka, lakini kisheria hoja haikuwa ya kuchekwa. Samsung ilitaja pia kibao cha kusomea magazeti kilichobuniwa na Roger Fidler na kuonyeshwa mwaka 1994. Mwaka 2012 mahakama ya rufani ilikitazama kibao hicho kwa makini na kukikataa kama msingi wa kuivunja hataza: ukingo mmoja ulikuwa mpana kuliko mingine, na fremu ilijitenga waziwazi na kioo. Umbo hutazamwa zima, na wazo la jumla la "kibao bapa chenye kioo" halitoshi. Mwaka huohuo baraza la wananchi waliosikiliza kesi liliona kwamba tableti za Samsung hazikukiuka umbo hilo.

Bidhaa ambayo karibu hakuna aliyeinunua inaweza kunivunjia hataza?

Ndiyo. Neonode N1m ilikuwa simu ndogo kutoka Uswidi ambayo watu wengi hawakuwahi kuisikia. Mtumiaji aliifungua kwa kutelezesha kidole kwenye kioo, na ilikuwepo kabla ya iPhone kutangazwa. Simu hiyo iligeuka mwiba kwa hataza ya Apple ya kufungua simu kwa kutelezesha picha. Kilichotokea nchi kwa nchi kimeelezwa katika swali la "Kifaa changu hakifanani kabisa".

Nikionyesha kifaa changu mwenyewe kabla ya kuomba hataza, najiharibia?

Ulaya, kwa hataza ya ufundi, ndiyo, na hakuna wa kukuokoa. Tarehe 9 Januari 2007 Steve Jobs alisimama jukwaani na kuonyesha iPhone, pamoja na jinsi picha zinavyoruka kidogo zikifika mwisho wa kioo. Apple iliomba hataza ya jambo hilo miezi kadhaa baadaye. Septemba 2013 Mahakama ya Hataza ya Ujerumani iliibatilisha, na ushahidi ulikuwa video ya Jobs mwenyewe. Hakuna mshindani aliyehitajika. Marekani sheria humpa mvumbuzi mwaka mmoja baada ya kujitangaza, na waliozoea neema hiyo ndio wanaoumia wakivuka bahari.

Kwa maumbo, Ulaya nayo hutoa miezi 12. Hata hiyo hupita. Puma ilisajili umbo la kiatu mwaka 2016. Mwanamuziki Rihanna alikuwa ameonekana amevaa viatu vya umbo hilo katika picha zilizowekwa Instagram Desemba 2014, alipotangazwa kuwa mkurugenzi wa ubunifu wa kampuni hiyo. Machi 2024 Mahakama ya Jumla ya Umoja wa Ulaya ilithibitisha kwamba usajili ni batili. Picha zilihusu uteuzi wake, viatu vilikuwa miguuni tu, na bado zilitosha.

Kwa mtengenezaji wa vitu vya kuvaliwa hatari hii ni kubwa kuliko kwa mtu wa mashine za kiwandani. Kifaa chako kiko kwenye mwili wa mtu, na mtu hupigwa picha harusini, sokoni na kazini. Ninawasihi vijana wanaobuni: usiweke picha ya kifaa kwenye hali ya WhatsApp kabla ya ombi kuwasilishwa, na anayekijaribu asaini kwanza makubaliano ya kutunza siri.

Na kama kilivaliwa ndani ya nguo, ambako hakuna aliyekiona?

Kesi iliyojibu swali hili ina zaidi ya miaka 140. Mwaka 1855 mwanamume mmoja wa Marekani alitengeneza vyuma vya kukaza sidiria ndefu za wakati huo na kumpa rafiki yake wa kike, ambaye baadaye alikuja kuwa mke wake. Alivivaa kwa miaka mingi. Ombi la hataza likaja 1866. Mwaka 1881 Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema hayo yalikuwa matumizi ya umma: alipewa bila sharti la siri, naye alivitumia kwa kazi iliyokusudiwa. Mtumiaji mmoja alitosha. Jaji mmoja, Miller, alipinga, akiona kwamba kitu kilichofichwa chini ya mavazi hakiwezi kuitwa cha umma.

Binafsi naona Miller alikuwa na hoja ya kibinadamu, lakini wengi walishinda, na kesi hiyo inafundishwa hadi leo. Anayempa ndugu yake saa ya majaribio avae bila makubaliano yoyote ajue kwamba muda wake umeanza kuhesabiwa.

Je, mauzo ya siri yanahesabiwa?

Marekani, ndiyo. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu iliamua kwamba mauzo yaliyofungwa na mkataba wa siri bado ni mauzo. Na kifaa si lazima kiwe kimeshatengenezwa. Mvumbuzi wa soketi ya kompyuta aitwaye Pfaff alikubali oda tarehe 8 Aprili 1981 akiwa na michoro tu, kisha akaomba hataza tarehe 19 Aprili 1982. Neema ilikuwa mwaka mmoja. Alichelewa kwa siku 11, na mwaka 1998 Mahakama ya Juu ikaivunja hataza yake.

## Upya na udhahiri

Kifaa changu hakifanani kabisa na cha zamani. Je, niko salama?

Umevuka kizingiti cha kwanza tu. Kizingiti cha pili huuliza: je, fundi wa kawaida wa fani hiyo, akiwa na vyote vilivyotangulia mbele yake, angeona hatua yako kuwa ya wazi? Hapa vyanzo kadhaa huruhusiwa kuunganishwa. Wataalamu wengi huona kwamba hapa ndipo hataza nyingi za vifaa vya kuvaliwa hufia, kwa kuwa mara nyingi uvumbuzi ni kuchukua kitu cha simu na kukihamishia kwenye saa.

Turudi kwa Neonode. Simu ile ilitelezeshwa kidole, lakini haikuwa na picha inayofuata kidole. Apple iliongeza picha hiyo. Kwa hiyo dai lilikuwa jipya, na swali likabaki moja tu: nyongeza hiyo ilikuwa ya wazi? Julai 2012 mahakama ya Uingereza ilisema ndiyo. Mahakama ya Hataza ya Ujerumani ikasema hivyohivyo 2013, na mahakama ya juu ya nchi hiyo ikaunga mkono Agosti 2015. Marekani, ambako pia ilitajwa video ya 1992 ya swichi za kugusa za ukutani, baraza la wananchi lilisema hapana, na Oktoba 2016 mahakama ya rufani ikiwa na majaji wake wote iliurejesha uamuzi huo pamoja na fidia ya dola milioni 119.6. Simu ileile, dai lilelile, majibu mawili. Anayekuambia kwamba hataza fulani "imevunjwa" muulize kwanza: nchi gani?

Upya wa umbo hupimwaje?

Kwa jicho la mnunuzi wa kawaida. Kipimo hiki kilitoka katika kesi ya vijiko na uma, mwaka 1871: je, mnunuzi mwenye umakini wa kawaida angedanganyika na kudhani kimoja ni kingine? Mwaka 2008 mahakama ya rufani ya Marekani iliongeza kwamba mnunuzi huyo anayajua maumbo yaliyotangulia. Nyongeza hiyo ni kubwa kwa saa: pale maumbo yanapofanana kwa mamia, tofauti ndogo hupata uzito.

Kuna kanuni ya mwaka 1889 ambayo kila mbunifu angeijua kwa moyo: kitu ambacho kingekiuka hataza kama kingekuja baadaye, huivunja hataza hiyo kama kilikuja kabla. Ukidai upana ili umnase mshindani, upana huohuo unakufungulia mlango wa vitu vya zamani.

Kuhusu udhahiri wa umbo, sheria ya Marekani ilibadilika Mei 2024. Kabla ya hapo ilibidi kupata umbo moja la zamani lililokaribia kuwa lilelile kabla ya kuunganisha mengine. Katika kesi ya vipuri vya magari kati ya LKQ na General Motors sharti hilo kali liliondolewa. Hataza za umbo sasa ni rahisi kushambuliwa kuliko zamani.

Saa huwa duara au mraba. Mtu anaweza kumiliki duara?

Hapana. Duara limetangulia, na sura inayolazimishwa na kazi peke yake hailindwi kama umbo. Kinacholindwa ni jinsi vitu vilivyopangwa na kuunganishwa pale ambapo kulikuwa na njia nyingine za kufanya.

## Ugomvi wenyewe

Nani anapaswa kuthibitisha, mwenye hataza au anayeishambulia?

Anayeishambulia. Mahakamani Marekani hataza huchukuliwa kuwa halali hadi ushahidi ulio wazi na wa kushawishi utolewe. Mwaka 2011 Microsoft iliiomba Mahakama ya Juu ipunguze uzito wa kipimo hicho, nayo ikakataa.

Lazima niende mahakamani?

Si lazima. Tangu Septemba 2012 mtu anaweza kuiomba bodi ya Ofisi ya Hataza ya Marekani iichunguze upya hataza kwa kutumia hataza nyingine na machapisho, na hapo kipimo cha ushahidi ni chepesi zaidi. Aliyekwisha kushtakiwa ana mwaka mmoja tangu kukabidhiwa hati ya mashtaka.

Mfano wa saa ni kesi ya kampuni ya AliveCor dhidi ya Apple, kuhusu kusoma mapigo ya moyo mkononi. Desemba 2022 Tume ya Biashara ya Kimataifa ya Marekani iliona kwamba Apple Watch ilikiuka hataza za AliveCor. Mwezi huohuo bodi ya hataza ilisema madai hayo ni ya wazi na hayafai. Marufuku ya kuingiza saa hizo ikasimamishwa kusubiri rufaa, na Machi 2025 mahakama ya rufani ikakubaliana na bodi. Unaweza kushinda kwenye ukiukaji na bado ukaondoka mikono mitupu, kwa sababu hataza batili haikiukwi.

Nina hataza yangu. Naweza kuuza bila hofu?

Hapana. Hataza hukupa nguvu ya kuzuia wengine, haikupi ruhusa ya kupita juu ya hataza za wengine. Ukiboresha mkanda wa saa ya mtu, mkanda ni wako na saa bado ni yake.

Fidia huwa kubwa kila mara?

Apple na Samsung zilianza na uamuzi wa zaidi ya dola bilioni moja mwaka 2012. Mwaka 2018 baraza jipya likaamua dola milioni 539, na mwaka huohuo wakapatana. Lakini Oktoba 2024 huko Delaware, baraza liliona kwamba toleo la awali la saa ya kampuni ya Masimo lilikiuka kwa makusudi maumbo ya Apple, na likatoa dola 250, kiwango cha chini kabisa kilichowekwa na sheria.

## Afrika Mashariki

Hataza ya Marekani inanibana nikiwa Mombasa au Mwanza?

Haikubani kutengeneza na kuuza hapa. Hataza huishia kwenye mpaka wa nchi iliyoitoa. Itakubana siku utakayopeleka bidhaa Marekani. Kwetu maombi hupitia ofisi za serikali, yaani KIPI nchini Kenya, BRELA Tanzania Bara na URSB Uganda, au ARIPO, shirika la kikanda lenye makao Harare, ambako ombi moja linaweza kutaja nchi kadhaa wanachama. Kagua huko kabla ya kudhani kwamba uko huru.

Nimeona saa yenye simu kutoka China ambayo haijasajiliwa hapa. Naweza kuisajili kwa jina langu?

Usijaribu. Wewe si mvumbuzi wake, na picha zake zilizoko mtandaoni tayari zimeua upya. Kutokuwa na hataza hapa kunakuruhusu kuiagiza na kuiuza kama hakuna haki nyingine inayozuia, jina la biashara likiwemo. Hakukufanyi mmiliki wake.

Upande wa pili umeleta ukurasa wa mtandaoni kama ushahidi. Tarehe yake inaaminika?

Ukurasa wenyewe unaweza kubadilishwa leo na ukabaki na tarehe ya jana, kwa hiyo uliza nakala iliyohifadhiwa na mtu wa tatu. Internet Archive huhifadhi nakala za kurasa pamoja na siku zilipochukuliwa, na mwaka 2021 mahakama ya rufani ya Marekani ilizikubali katika kesi kati ya Valve na Ironburg. Angalia pia kama picha ya kifaa ilihifadhiwa siku ileile na maandishi, kwa kuwa mara nyingine vitu hivyo viwili hunaswa siku tofauti, na kwa hataza ya umbo picha ndiyo yenye kesi.